Wati Arobaini Juu ya Bati

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa juu ya paa la nyumba yangu, kitambaa mkononi, nikifuta paneli ambayo haikuwa na vumbi hata chembe. Mvua ilikuwa imeiosha ikang'aa kama sahani ya Idi. Nilikuwa naifuta kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Kwa aliyenikuta leo njiani, nitasema kwa ufupi. Naitwa Keynan. Naishi Hadado, upande wa Wajir, tangu nilipostaafu kazi ya kuendesha mashine ya kisima. Ukame ulinimalizia ngamia, wakabaki wawili wa maziwa. Hao nao nikawabadilisha kwa mfanyabiashara wa Mandera, akanipa redio kol, ile tunayoiita taar, pamoja na betri na paneli ya sola. Mke wangu Rahmo alilia kutwa. Mimi nilimwambia, tena mbele ya watu: "Ngamia hufa. Jua halifi."

Kisha ikaja mvua ya mwaka wa tisini na saba.

Nyinyi mnaikumbuka. Laga, yale makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu, ziligeuka mito. Mbuzi walikufa wakiwa wamesimama ndani ya maji. Lori moja tulilokuwa nalo lilizama hadi kwenye usukani, betri yake chini kabisa. Na mawingu yakalala juu ya Hadado, yakakataa kuamka.

Katikati ya hayo, binti yangu Kinsi alikuwa nyumbani. Alikuja kujifungua mimba ya kwanza kwa mama yake, kama desturi yetu inavyotaka. Mumewe, Abdilatif, alikuwa mbali, ana kiduka kambini Dagahaley, kwa wakimbizi.

Hapo ndipo tulipofika. Mimi juu ya paa. Batula, mkunga wetu, akatoka chumbani kwa Kinsi akifuta mikono, akaniita kutoka chini.

"Miguu imevimba, uso umevimba. Kichwa kinampasuka. Anaona vimulimuli mchana," alisema. "Keynan, huyu si wangu tena. Huyu ni wa hospitali."

"Hospitali iko Wajir."

"Sikukuuliza iko wapi."

Niliteremka. Niliwasha taar nikamtafuta Guleid, kijana anayeshughulikia redio ya watu wa msaada kule Wajir. Alinijibu mara moja.

"Adeer Keynan, nakusikia. Lakini sauti yako ni nyembamba kama ya mgonjwa. Ova."

Adeer ni baba mdogo. Vijana wenye adabu hutuita hivyo wazee wote.

"Mgonjwa ni binti yangu," nikasema, nikamweleza.

"Helikopta ipo," alijibu. "Lakini rubani alitua mahali juzi, tope likataka kummeza na chombo chake. Sasa haruki mpaka asikie. Kesho saa tatu asubuhi uniite. Uwe umepakanyaga wewe mwenyewe mahali pa kutua, asubuhi hiyohiyo, si jana yake. Ukiniambia pakavu, anakuja. Nisipokusikia, anakwenda kwingine. Wanaolia ni wengi, adeer. Ova."

"Utanisikia. Ova."

Nikazima haraka, kama mtu anayefunika chungu.

Rahmo alikuwa amesimama mlangoni. "Umebaki umeme kiasi gani?"

"Wa maneno machache."

"Machache ni mangapi?"

Ilibidi nimweleze, na nawaeleza na nyinyi, kwa sababu ndipo msiba wangu ulipokaa.

Nyuma ya paneli yangu imeandikwa wati arobaini. Watu wengi, hata waliosoma, hudhani basi hutoa arobaini tangu alfajiri hadi magharibi. Sivyo. Arobaini ni ile saa kivuli chako kinapojificha chini ya nyayo na mbingu haina doa. Asubuhi ni kidogo, jioni ni kidogo. Ukikusanya siku nzima ya jua letu la Hadado, ni kama lile jua la utosi lingesimama saa tano hivi, kisha lizime. Hapo betri nayo hukata ushuru wake. Siku ya mawingu mazito, paneli ileile, juu ya bati lileile, haikupi hata sehemu ya kumi.

Na taar ina tabia yake. Ikisikiliza, hunywa kama ndege. Ukibonyeza maiki useme, hunywa kama ngamia aliyetoka Banissa kwa miguu.

"Fikiria ngamia wa maziwa," nilimwambia Rahmo. "Penye majani atakujazia chombo. Kwenye ukame utamkamua kutwa upate cha kulowesha kikombe. Sasa tuko kwenye ukame."

"Ukame gani, na sisi tumezama?"

"Ukame wa jua."

Alianza kuhesabu kwa vidole. "Kwa hiyo tulitoa ngamia wawili wanaojaa maziwa kwenye mvua, tukachukua mmoja anayekauka kwenye mvua."

Yako maneno ya mke ambayo mtu huyasikia mpaka kaburini.

Lakini mlio wa taar husikika nje. Kabla ya adhuhuri uani kwangu palikuwa pamejaa. Kila mtu ana ndugu Dagahaley, ana ndugu Mandera, hajui kama amezama au yu hai. Wakanizunguka.

"Keynan, taar imesema. Tumeisikia."

"Imesema neno moja, imelala."

"Basi iamshe iseme la pili. Nina dada kambini na watoto wake."

"Siwezi. Umeme uliobaki ni wa Kinsi."

Nawaambia ukweli, ni bora mtu aninyang'anye kanzu hadharani kuliko kusema maneno yale. Kwetu mtu akikutana na mtu jangwani, kitu cha kwanza ni "Warran?", yaani, leta habari. Mwenye habari ni kama mwenye maji. Mbinafsi wa maji na mbinafsi wa habari ni mtu mmoja.

Istahil, mjane aliyenizidi umri, alisogea na fimbo yake.

"Ulipokuwa mtu wa kisima ulitupa maji ya serikali bila kinyongo," alisema. "Leo ni jua la Mungu unatunyima?"

"Eedo Istahil, shangazi yangu, si kwamba nawanyima..."

"Tangu lini habari ikafungwa kamba kama mbuzi?"

Akaondoka. Wakaondoka wote nyuma yake, bila kuniaga. Nikabaki na betri yangu kama mtu aliyebaki na mfupa.

Nikajisemea, basi, aibu nimekwisha kula. Imebaki kungoja kesho.

Ndipo akaja Shurie.

Alitokea upande wa malisho, amelowa hadi kifuani, viatu mkononi, fimbo begani. Shurie ni baba yake Abdilatif, mkwe wa binti yangu. Tumekuwa tukishindana tangu ujana wetu, yeye kwa mifugo, mimi kwa karatasi zangu za ngumbaro. Siku niliponunua paneli alikuja kuitazama, akaizunguka mara mbili kama anayenunua fahali, akasema: "Ngamia wa kioo. Hali majani, hanywi maji, hazai."

Sasa alisimama uani, maji yakimchuruzika.

"Ngamia wa kioo hajambo?"

"Shurie, si leo."

Alinitazama usoni, akaacha mzaha. "Kinsi?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa amechuchumaa, akikamua ncha ya shuka yake. Kisha akamgeukia Batula.

"Wakimfikisha Wajir watamfanya nini?"

Batula hajui kusema uongo, ndiyo kasoro yake. "Huenda wakampasua, wamtoe mtoto."

"Nani kasema apasuliwe?"

"Damu yake ndiyo inayosema," alijibu Batula.

Shurie akainuka. "Haondoki mpaka Abdilatif aseme. Mke ni wake. Aseme kwa kinywa chake, na mimi nisikie kwa sikio langu."

"Wewe ni baba yake!" nikapiga kelele. "Sema wewe! Neno lako latosha!"

"Neno langu lilitosha mara moja." Sauti yake ilishuka. "Mama yake Abdilatif alipelekwa mjini hivyo hivyo, tumbo likimuuma. Mimi ndiye niliyesema ndiyo. Gari lilikwenda naye, likarudi na nguo zake. Abdilatif alikuwa amesimama njiani anamngojea. Miaka mingapi leo, na bado hajaniuliza kwa nini. Nikisema ndiyo tena, Keynan, na tena irudi nguo?"

Rahmo alijifunika uso kwa ncha ya shela yake.

"Nikiita Dagahaley leo," nikasema polepole, "kesho sitakuwa na sauti ya kuita Wajir."

"Kwa nini?"

"Betri."

"Si ulisema jua halifi?"

Alinipiga kwa fimbo niliyomchongea mwenyewe. Na papo hapo, wasomaji wangu, jua likatoka.

Sitanii. Upande wa magharibi wingu lilichanika kama gunia bovu, na jua likamwagika juu ya bati zote za Hadado. Watu walitoka nje wakipiga takbiri. Mimi nilipanda juu ya paa kwa magoti haya ya uzee, nikafungua waya zilizoishika paneli, nikaiinua nikaielekeza jua lilipo kama mtu anayemwinua mtoto aone harusi.

"Mshale!" nikamwita Rahmo. "Tazama mshale!"

Mita yangu ndogo ya kupimia umeme ilikuwa ukutani. Rahmo hakusoma, lakini mshale anaujua.

"Umesimama!" alipiga kelele kutoka ndani. "Keynan, umesimama!"

Kutoka chumbani Kinsi akaita kwa sauti ndogo. "Aabo, ni jua hilo?"

"Ni jua, mwanangu!"

"Nalisikia kichwani. Waambie wafunge dirisha."

Nilikaa juu kule nimeishika paneli mpaka mikono ikafa ganzi. Nikapiga hesabu. Jua la jioni si la utosi, lakini likidumu mpaka machweo, nitakuwa nimepata wa kuita Dagahaley na ukabaki wa kuita Wajir. Nilihesabu mara mbili. Hesabu ilikuwa sahihi. Ilikuwa na neno moja tu ndani yake lisilokuwa langu: likidumu.

Niliteremka, nikampa mmoja wa majirani anishikie paneli, nikawasha taar.

Dagahaley walijibu. Nikamwambia mwendeshaji wao wa redio amwite Abdilatif wa duka la unga, haraka.

"Kambi yote ni tope, mzee. Nitatuma mtu, mngoje. Ova."

Tukangoja, taar ikisikiliza, ikinywa kama ndege. Na tulipokuwa tunangoja, chumba kikaanza kuingia kivuli. Sikugeuka kutazama dirishani. Nilitazama mshale. Ulikuwa unakaa chini taratibu, kama mzee anayetafuta mkeka.

"Abdilatif yuko hapa," redio ikasema mwishowe. "Ova."

Nikampa Shurie maiki. Nikamshika mkono.

"Swali moja," nikamwambia. "Usisalimie."

"Nisimsalimie mwanangu?"

"Kila neno ni umeme. Uliza, nyamaza."

Alitikisa kichwa kwamba amenielewa. Akabonyeza.

"Abdilatif! Nabad?"

"Nabad, baba! Nabad! Wewe u mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Wewe je, u mzima? Afya? Duka?"

"Shurie!" nikamnong'oneza.

"Duka limeingia maji, baba, lakini tu wazima. Nyumbani hawajambo? Wadogo zangu?"

"Hawajambo, wote hawajambo. Wanakusalimu."

"Na Mzee Keynan?"

"Yuko hapa, amekunja uso."

"Na mifugo?"

"Yule mwekundu alizaa. Ndama akasombwa na maji."

"Inna lillahi. Na yule wa doa?"

Nilimvuta bega. Akanigeuzia mgongo. Nawaombeni msimlaumu upesi. Kwetu habari mbaya haitangulii salamu. Kumrushia mtu msiba kabla hujamuuliza hali ni kumpokea mgeni kwa jiwe badala ya mkeka, sembuse mwanao, sembuse mwana ambaye mliwahi kuuzika msiba mwingine baina yenu bila kuuzungumza. Na Abdilatif naye, baba yake hajawahi hata siku moja kukaribia taar. Alikwisha jua kuna jambo. Alikuwa anasalimia kama mtu anayerudi nyuma hatua kwa hatua.

"Yule wa doa yupo. Miguu inaoza kwa maji."

"Mpake lami, baba."

"Lami nitaitoa wapi na njia zimekatika? Abdilatif..."

"Naam, baba."

Shurie alivuta pumzi. Kidole chake kilikuwa bado kimebonyeza. Alivuta pumzi huku amebonyeza, na mshale ukalala.

"Mkeo..." alisema.

Taa ndogo ya taar ikazimika.

Alibonyeza tena. Akabonyeza tena. Akaitikisa maiki kama mtu anayetafuta maji ndani ya kibuyu.

"Amesikia?" akaniuliza. "Keynan, amesikia?"

Nilichomoa waya wa betri. Nje mvua ilikuwa imeanza.

Sina haja ya kuwaeleza usiku ule. Asubuhi nilikwenda kisimani kwenye kile kilima cha changarawe nilichokilinda miaka yangu ya kazi. Nilikikanyaga mwanzo hadi mwisho. Nikarukaruka juu yake, mzee mzima, watu wakinitazama.

Palikuwa pakavu. Hadado yote ilikuwa tope, na mahali pale palikuwa pakavu kama mkeka wa swala.

Niliporudi Kinsi alikuwa amebadilika. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Batula alikuwa amemlaza kwa ubavu, amemwekea kitambaa mdomoni asiume ulimi.

"Kifafa kimemshika mara ngapi?" nikauliza.

"Usiniulize hesabu," alisema Batula. "Mwite huyo mtu wako."

Mbingu ilikuwa rangi ya jivu. Mshale wa mita ulikuwa umejiinua kidogo sana, unene wa unywele, kwa mwanga ule wa alfajiri. Nikawasha taar. Taa yake iliwaka, nyekundu, dhaifu.

Saa tatu ikafika, na sauti ikaja.

"Hadado, Hadado, hapa Wajir. Adeer Keynan, unanisikia? Ova."

Nikabonyeza. Taa ikafa. Nikaachia. Baada ya muda ikarudi.

"Hadado, hapa Wajir. Rubani yuko tayari. Ova."

Nikabonyeza. Ikafa. Nikaachia. Ikarudi.

Ndipo nikaelewa. Ulikuwapo umeme wa kusikia. Haukuwapo umeme wa kusema.

"Hodi," mtu akasema mlangoni.

Ilikuwa Istahil. Nyuma yake watu wote niliowanyima taar jana. Alifungua ncha ya shuka yake, ndani mna mawe ya tochi, yaliyotumika na mapya.

"Kila nyumba imetoa," alisema. "Nimesikia ni haya haya, umeme."

"Eedo..."

"Usiniite eedo. Yafunge."

Niliyapanga manane kwenye mstari, nikayafunga kwa kitambaa kilekile cha kufutia paneli, nikaunga waya. Taa ya taar ikawaka vizuri, ikang'aa. Watu wakasema bismillahi kwa pamoja. Nikabonyeza.

"Wajir, hapa Ha..."

Ikafa.

Mawe ya tochi yametengenezwa kumwonyesha mtu njia ya chooni. Kurusha sauti hadi Wajir hayawezi. Nililijua hilo. Nililijua kabla sijayafunga, lakini ningewezaje kumrudishia Istahil mikononi?

Niliachia, na ile redio, ikinywa matone yake, ikasema tena.

"Adeer Keynan, nasikia kama mkwaruzo tu, sijui ni wewe au ni mvua. Sikiliza kama unasikia. Dagahaley wamenipigia alfajiri. Abdilatif amelala kwenye mlango wa redio yao. Anasema jana alisikia neno moja, 'mkeo', kisha kimya. Anasema hahitaji kusikia la pili. Anasema hivi, nami nayarudia kama alivyoyasema: mwambieni baba, lolote lile, ndiyo. Mpelekeni. Na mwambieni baba kwamba yaliyompata mama yalikuwa ya Mungu, hayakuwa yake. Ova."

Shurie alikuwa amesimama ukutani. Alikuja hadi kwenye taar akapiga magoti mbele yake, akainamisha mdomo kwenye maiki bila kubonyeza chochote.

"Ndiyo," aliiambia. "Ndiyo. Njooni. Ndiyo."

"Haikusikii," nikasema.

"Njooni," alisema.

Nikapanda juu ya paa. Sijui kwa nini. Niliishika paneli kwa mikono miwili nikaigeuza mashariki, nikaigeuza kusini, nikaiinua juu ya kichwa changu. Wati arobaini. Imeandikwa nyuma, kwa herufi nzuri. Mvua nyembamba ilinishukia usoni. Huko chini Rahmo alikuwa ameacha kuniambia mshale unasemaje.

Kupitia bati nilimsikia Guleid waziwazi, kila neno.

"Hadado, nakuita mara ya mwisho. Adeer, hata ugonge tu maiki mara mbili. Nitajua."

Niliteremka nusu nianguke. Nikanyakua maiki. Kugonga tu. Nikabonyeza mara moja, taa ikafa. Nikangoja irudi. Nilihisi nangoja umri wangu wote upite tena, tangu utoto. Ikarudi, na yeye alikuwa amekwisha anza kusema na mtu mwingine.

"Banissa, nimewasikia. Pakavu? Sawa. Rubani anakuja kwenu sasa. Ova."

Istahil alikuwa akiokota mawe yake ya tochi sakafuni, moja moja, bila sauti. Shurie bado alikuwa magotini, paji la uso limeegemea sanduku la redio, kama anayehisi kama lina joto.

Kutoka chumbani, kule ambako tangu alfajiri kulikuwa na mikoromo na vishindo na sauti ya Batula ikisoma, kukawa kimya. Haikusikika pumzi ya Kinsi, wala kilio cha mtoto.

Pazia likafunguliwa. Rahmo alisimama pale. Mikono yake ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko. Hakumtazama Shurie. Hakuitazama taar, ambayo ilikuwa inaendelea kusema na Banissa kwa furaha. Alinitazama mimi.

"Zima hilo dude, Keynan," alisema. "Uje."